Bei, Daftari na Utu

Mara nyingi tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, mawazo yetu hukimbilia ngoma, nyimbo, uchongaji, ususi na mavazi. Hayo yote ni mambo ya utamaduni, wala hatuna nia ya kuyadharau. Lakini utamaduni wa watu hauishi katika siku za sherehe peke yake. Huishi pia jikoni, shambani, kisimani na dukani. Huonekana katika namna mtu anavyomwamkia mwenzake kabla ya kumwuliza bei ya chumvi, na katika namna muuzaji anavyoujaza mkono wake anapoongeza dagaa juu ya kipimo. Mwaka 1962, Rais Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kusudi lilikuwa kuwarudishia wananchi fahari ya mambo yao wenyewe. Sisi twaamini kwamba namna ya kuuza na kununua ni mojawapo ya mambo hayo, ingawa haipigiwi ngoma.

Hivi karibuni tulikuwa tumesimama katika foleni ya malipo kwenye supamaketi moja ya Dar es Salaam. Tulikuwa na vitu vitatu tu: sabuni, majani ya chai na mkate. Kijana aliyekaa kwenye kaunta, kabla ya kututajia jumla, alituomba namba ya simu. Tulimwuliza ni ya nini. Alitujibu kwa adabu kwamba ni kwa ajili ya pointi. Tulimshukuru, tukamwambia kuwa tutalipa bila pointi. Nyuma yetu alikuwapo binti mmoja aliyevaa sare ya shule ya sekondari. Zamu yake ilipofika, aliitaja namba ya simu ya mama yake kwa sauti, mbele ya watu wote, kama mwanafunzi anayeitikia jina lake darasani. Tulipotoka nje alitufuata, akatuamkia, na baada ya kuitikiwa akauliza kwa nini tumezikataa pointi ilhali ni za bure.

Tulitaka kumjibu, lakini daladala yake ilikuwa imefika, naye akaondoka kabla hatujayapata maneno. Insha hii ni jibu tulilopaswa kumpa.

Ili jibu hilo lieleweke, hatuna budi kuanzia mbali kidogo. Sisi tulikulia Morogoro katika miaka ya sabini. Duka tulilotumwa mara kwa mara lilikuwa la ushirika. Bei za vitu ziliandikwa kwa chaki ubaoni: unga, sukari, mafuta ya taa, kibiriti. Serikali ilikuwa imeunda Tume ya Bei mwaka 1973, na bei iliyotangazwa ilikuwa ndiyo bei ya kila mtu, awe mwalimu mkuu au mchoma mkaa. Kwa sababu hiyo mtoto wa miaka saba aliweza kutumwa sukari akarudi na chenji kamili. Hakuhitaji kujua kupatana, wala hakuhitaji kujulikana. Alihitaji kujua kusoma tarakimu tu. Ubao ule ulikuwa ahadi iliyotolewa hadharani, na hata mtoto aliweza kuushika kuwa shahidi.

Hatusemi kwamba siku zile zilikuwa za asali. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka mengi ya watu binafsi kabla maduka ya kijamaa hayajawa tayari kubeba mzigo wao. Katika miaka ya mwanzo ya themanini vitu viliadimika kabisa. Tulipanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni. Mjumbe wa nyumba kumi aliandika majina ya kaya na idadi ya watu wake, ili kilichopatikana kigawanywe kwa haki. Mahali pengine kiligawanywa kwa haki, na mahali pengine kilitoka kwa mlango wa nyuma. Kila mmoja wetu alimfahamu mtu aliyepata sukari bila kupanga foleni kwa sababu alijuana na mgawaji. Jambo hilo tulikuwa na majina yake, nayo hayakuwa majina ya sifa: tuliliita upendeleo, na pale lilipogeuzwa biashara tuliliita ulanguzi. Tunalitaja hapa ili ijulikane kwamba mambo mawili tutakayoyazungumzia, yaani orodha ya majina na bei inayobadilika kwa kumtazama mtu usoni, si mageni kwetu. Tuliyaona mapema, na tuliyahukumu.

Baadaye biashara ilipofunguliwa, jirani yetu mmoja alianzisha duka katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Lilikuwa duka la aina ambayo leo watu wa Dar es Salaam huiita duka la Mangi, hata kama mwenyewe si Mchaga. Chini ya meza yake alikuwa na daftari la shule lililokunjika pembe, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Humo aliandika madeni ya mtaa mzima. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, naye aliufuata usemi huo bila mzaha. Kwa daftari lile alijua mengi. Alijua nani amekatwa mshahara, nani ana mgeni, nyumba gani imepata mtoto na nyumba gani imeanza kununua nusu kibaba cha unga badala ya kibaba kizima.

Mwaka 1989 baba yetu alifariki dunia. Siku arobaini zilipopita, mama alitutuma dukani kuuliza deni la nyumbani limefikia kiasi gani. Mwenye duka alifungua daftari, akatuonyesha ukurasa wenye jina la baba. Kila kitu kilichoandikwa pale tulikitambua: mafuta ya taa, unga, kibiriti, sigara zake. Kisha akaichukua ile kalamu, akapiga mstari mmoja kutoka juu hadi chini, akasema, "Mwambieni mama ukurasa huu umekwisha." Mama hakukubali. Alilipa kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mzima, na mwenye duka alizipokea fedha hizo bila ubishi, kwa kuwa kuzikataa kungekuwa ni kumvunjia mjane heshima. Hakuna aliyemfundisha mwenzake lugha hiyo. Wote wawili walikuwa wameizaliwa nayo.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Katika desturi zetu, kujua habari za mtu ni deni. Anayejua kwamba kwako kuna mgonjwa huwajibika kuja kumtazama. Anayejua kwamba umelala na njaa hawezi tena kula kwa raha. Mwenye duka yule alitujua, nasi tulimjua: tulijua alikotoka, tulijua alivyompoteza mtoto wake wa pili, tulijua siku anazokwenda kununua bidhaa mjini na siku ambazo mizani yake haikuwa sawa. Kujuana huko kulikuwa na njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Daftari lake lilikuwa la biashara, lakini lilikaa mahali ambapo mkono wa utu uliweza kulifikia.

Miaka mingi baadaye tulipata kazi ya kufundisha kwa muda katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Si mbali sana na mji huo upo mji wa Rochdale, ambao kila mwanafunzi wa ushirika amepata kuusikia. Mwaka 1844 mafundi na wafanyakazi wachache wa Rochdale, wakiwamo wafumaji, walichanga fedha wakafungua duka lao wenyewe, kwa sababu walikuwa wamechoshwa na unga uliochanganywa na vitu vingine na mizani ya uongo. Duka hilo liliandika manunuzi ya kila mwanachama katika vitabu, na faida ilipopatikana waligawana kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, na vitabu vya hesabu vilikuwa vyao. Vyama vya ushirika vya mazao na vya maduka tulivyovijua sisi nchini Tanzania vina undugu na duka lile. Kwa hiyo tulipofika nchi ile na kuona kwamba maduka makubwa yanawaita wateja wao wanachama, tulidhani tunakijua kinachosemwa. Tulikosea.

Historia ya jambo lenyewe ni hii. Mwaka 1995 kampuni ya Tesco ilianzisha kadi iitwayo Clubcard, yaani kadi ya klabu. Mteja alijiandikisha, akaionyesha kadi kila aliponunua, akajikusanyia pointi zilizogeuzwa kuwa hati za punguzo. Kazi ya kuzichambua kumbukumbu za manunuzi ilifanywa na kampuni ndogo ya mume na mke, Clive Humby na Edwina Dunn. Waligundua kwamba kikapu cha mtu, kikisomwa wiki baada ya wiki, husema mengi kuliko mwenyewe angekubali kusema: kama ana mtoto mchanga, kama amepungukiwa na fedha, kama ameanza kupika kwa ajili ya mtu mmoja. Huyo Humby ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa usemi wa mwaka 2006 unaofananisha data na mafuta ya petroli. Sisi tunaoijua historia ya mkonge, ya pamba na ya dhahabu hatuhitaji kufundishwa maana ya usemi huo. Mafuta hutoka katika ardhi, na ardhi ina wenyewe. Na mali ghafi, kwa kawaida, huondoka kwa mwenyewe kwa bei ndogo ikarudi kwake kwa bei kubwa.

Kwa miaka mingi kadi hizo zilitoa pointi tu, na asiyezitaka hakupoteza kitu kikubwa. Mwaka 2019 Tesco ilianza mtindo mwingine: kitu kimoja, rafu moja, bei mbili. Mwenye kadi hulipa bei ya chini na asiye nayo hulipa bei ya juu. Mwaka 2023 Sainsbury's nayo ilifuata kwa kadi yake ya Nectar, na wengine kadhalika. Wakati huohuo kadi zenyewe zilikuwa zikihamia katika simu za mkononi, na programu ya simu ina masikio marefu kuliko kipande cha plastiki. Nasi tulijiunga katika wiki ya kwanza. Hatutaki msomaji adhani tulikuwa mashujaa. Tulijiunga kwa sababu ya kopo la kahawa lililokuwa na tofauti ya pauni mbili. Programu ilitaka jina letu, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya nyumba na anwani ya baruapepe. Kisha iliomba ruhusa ya kujua mahali tulipo, na ruhusa ya kututumia matangazo. Tuliyatoa yote tukiwa tumesimama kati ya rafu, mkono mmoja ukishika kopo. Mwenye duka wa Morogoro hakuwahi kuijua tarehe yetu ya kuzaliwa, na alitukopesha miaka mitano.

Jirani yetu wa ukutani katika mji ule alikuwa bibi mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, aliyeishi peke yake na paka wake. Alikuwa na simu ya mezani na hakutaka nyingine. Jumamosi moja tulifuatana naye dukani. Bibi yule alikuwa amezoea kufanya hesabu zake kichwani tangu rafuni, maana fedha zake zilikuwa za pensheni na zilikuwa na mpaka. Alipofika kwenye kaunta akatajiwa jumla iliyozidi hesabu yake, alidhani amekosea, akahesabu upya. Hakuwa amekosea. Alikuwa amesoma bei iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa. Hakuyaona maandishi madogo yaliyosema kwamba bei hiyo ni ya wenye kadi. Mtunza fedha alimweleza kwa upole kuwa angeweza kujiandikisha kwa simu. Bibi alitazama foleni nyuma yake, akaona haya, akaitoa pakiti ya biskuti katika vitu vyake na kuirudisha.

Alikuwa ametembea na bei sahihi kichwani mwake, kama tulivyotembea sisi tulipokuwa watoto, na ubao wa duka haukuwa tena shahidi wake.

Tangu siku ile alilipa kwa kadi yetu. Tulisimama naye kwenye kaunta, tukaionyesha simu, bei ikashuka. Tuliona ni ujirani wa kawaida. Lakini haikupita wiki ya tatu kabla programu haijaanza kutuletea habari njema za chakula cha paka: punguzo la makopo, punguzo la mifuko, punguzo la mchanga wa choo cha paka. Nyumbani kwetu hapakuwa na paka. Mahali fulani, katika daftari tusiloweza kulifungua, tulikuwa tumeandikwa kuwa wafugaji. Tulicheka pamoja na bibi yule siku tulipomsomea, naye akasema kwamba paka wake sasa ana nyumba mbili.

Majira ya baridi yalipokwisha, bibi alianguka jikoni kwake. Alipelekwa hospitali, kisha katika nyumba ya kutunzia wazee, na paka akachukuliwa na mpwa wake. Matangazo ya chakula cha paka yaliendelea kuja kwa miezi kadhaa. Siku moja yalibadilika: simu ilituambia kwa maneno matamu kwamba tumekumbukwa sana, na ikatupa punguzo kubwa zaidi ili turudie kununua. Tuliyasoma maneno hayo mara mbili. Daftari lilikuwa limeona kwamba kuna kitu kimekatika. Liliijua hata wiki kilipokatika. Lakini halikuwa na mtu wa kuishika kalamu na kuuliza, "Je, kwenu ni kwema?"

Wapo watakaosema kwamba haya ni manung'uniko ya wazee. Basi na tuyapime kwa haki. Mwezi Novemba mwaka 2024 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya bei za wanachama katika maduka ya makampuni matano: Tesco, Sainsbury's, Waitrose, Morrisons na Co-op. Ilichunguza bidhaa zipatazo 50,000, ikaona kwamba katika asilimia 92 kati yake punguzo lilikuwa la kweli, na kwamba mwenye kadi aliokoa kwa wastani kati ya asilimia 17 na 25 katika bidhaa zenye bei za aina hiyo. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba bei za wanachama zilikuwa uongo mtupu. Hazikuwa hivyo. Pamoja na hayo, asilimia 55 ya watu walioulizwa waliamini kwamba bei ya kawaida hupandishwa ili ya wanachama ionekane nafuu, na asilimia 43 waliona si haki kumtoza zaidi asiye na kadi. Mamlaka hiyo ilitaka pia makampuni yafanye zaidi ili wasio na simu za kisasa, wazee na vijana wasiachwe nje. Wakati huo baadhi ya mipango haikuwapokea walio chini ya miaka 18, maana yake mtoto aliyetumwa dukani ndiye aliyelipa zaidi.

Sisi twaona kwamba tarakimu hizo mbili za mwisho zina uzito kuliko zile za mwanzo. Punguzo lilikuwa la kweli na watu hawakuliamini. Lililoharibika hapo si bei, ni imani baina ya anayeuza na anayenunua. Mtu asiyeyaona mahesabu ya mwenzake hawezi kujua anatendewaje, hata akitendewa vema. Katika duka la Rochdale vitabu vya hesabu vilikuwa vya wanachama. Katika miongo iliyofuata neno mwanachama liliendelea kuishi, lakini katika nyingi za klabu hizi mpya mwanachama hana kura, hana mkutano, hana hisa wala kitabu cha kufungua. Miongoni mwa makampuni yale matano, Co-op peke yake, inayohesabu Rochdale kuwa asili yake, ndiyo yenye wateja wanachama wanaopiga kura, nayo pia imeingia katika mtindo wa bei mbili. Kumbukumbu za wateja hutumiwa kuwauzia watengenezaji wa bidhaa nafasi za matangazo, nayo ni biashara kubwa inayosimama kwa miguu yake yenyewe. Mnunuzi aliyeingia kutafuta mkate ametoka naye akiwa ameuzwa.

Tena tulitazame neno lenyewe. Kadi hizi huitwa kwa Kiingereza kadi za uaminifu. Katika Kiswahili, uaminifu, imani na amana ni watoto wa mama mmoja. Mwaminifu ni mtu unayeweza kumwachia kitu chako ukaenda safari. Dukani, kwa desturi zetu, anayedaiwa uaminifu kwanza ni mwenye mizani, kwa kuwa ndiye mwenye nafasi ya kudhulumu. Lakini katika mtindo huu mpya ni mnunuzi anayetakiwa kuwa mwaminifu. Yeye ndiye anayeacha amana, na amana hiyo ni habari za maisha yake. Anayeipokea hamwambii ataiweka wapi. Msamiati umegeuzwa miguu juu kichwa chini, na walimu wa lugha tunapaswa kuliona hilo kabla ya wengine.

Huenda mwanafunzi mwerevu akatuuliza: je, si kweli kwamba hata katika masoko yetu hakuna bei moja? Mgeni akiingia Kariakoo hutajiwa bei ya mgeni, na mama mjuzi wa kupatana huondoka na khanga ileile kwa bei ndogo. Ni kweli, wala si jambo la kujivunia kila mara. Ndiyo maana ubao wa duka la ushirika tuliuona kuwa maendeleo. Lakini yapo mambo ya kutofautisha. Sokoni bei husemwa kwa mdomo, ana kwa ana, na kila mmoja ana haki ya kucheka, kukataa na kuondoka. Muuzaji hukisia mfuko wako, nawe hukisia wake; hakuna aliyesoma manunuzi yako ya miaka kumi iliyopita kabla hujafungua kinywa. Mafungu ya nyanya ya jirani yake yako hatua tatu kutoka pale. Na mkikubaliana, anakuongezea moja juu, na ile moja haiandikwi popote. Nyongeza ni zawadi kwa sababu haidai kitu baadaye.

Hapa nyumbani mtindo huu ungali mchanga, na ndiyo sababu yafaa kuuzungumza sasa. Maduka kadhaa makubwa ya Afrika Mashariki yamekuwa na kadi za pointi kwa miaka mingi, na namba ya simu imekuwa ufunguo wa kila mlango, kwa kuwa ndiyo pia mkoba wetu wa fedha. Anayeitaja namba hiyo kwa sauti dukani hataji jina tu. Hata hivyo hatuko mikono mitupu. Katiba yetu, katika Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika mwezi Mei mwaka 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019. Msingi wa sheria hizi unaeleweka hata na asiyesoma: anayechukua habari zako akuambie anazichukua kwa kazi gani, asizitumie kwa kazi nyingine, na asichukue zaidi ya zinazohitajika. Ni maneno ya kisasa, lakini mwenye duka wa Morogoro asingeyaona mageni.

Sheria, hata hivyo, hailindi mtu asiyejua kuuliza. Hapa ndipo kazi ya walimu inapoingia. Katika somo la hesabu wanafunzi wapewe lebo yenye bei mbili wakokotoe nani anamlipia nani punguzo. Katika somo la uraia waulizwe tofauti ya mwanachama mwenye kura na mwanachama mwenye kadi. Na katika somo la Kiswahili wajizoeze swali moja fupi, lisemwe kwa adabu na bila ugomvi: "Samahani, ndugu, namba hiyo ni ya nini?" Swali hilo si la kumdhalilisha kijana wa kaunta, ambaye naye ametumwa. Ni la kumkumbusha aliyemtuma kwamba upande huu wa kaunta yupo mtu.

Sasa twaweza kumjibu binti yule. Mwanangu, hatukuzikataa pointi kwa sababu ya kiburi, wala hatukulaumu wewe kwa kuzipokea. Mama yako ana nyumba ya kulisha, na senti ni senti. Tulizikataa kwa sababu si za bure. Hulipiwa kwa kuandikwa, na kuandikwa si jambo dogo. Sisi tumewahi kuandikwa katika daftari moja lililojua kwamba baba amefariki, na katika jingine lililojua tu kwamba chakula cha paka hakinunuliwi tena. Siku nyingine ukiombwa namba ya mama, muulize kwanza mama kama amekuruhusu kuitaja. Ni namba yake.